Fahamu: Kwa nini mashabiki wa zamani wa Queen hawajaiacha bendi yao

Kila tunapoweka wimbo wa Queen hewani, ujumbe wa kwanza kufika studio huwa ni uleule: je, huyu mwimbaji si ndiye yule Mzanzibari? Jibu ni ndiyo, na halichukui hata nusu dakika kulitoa. Swali la pili huulizwa mara chache, ingawa ndilo gumu zaidi. Inakuwaje watu walioipenda bendi hii miaka ya 1970 wawe bado wanaifuata leo, ilhali mwimbaji wao alifariki mwaka 1991?

Makala hii inaeleza bendi ya Queen ni ya akina nani, ilivyojenga mashabiki wasioyumba, mambo yaliyowapa mashabiki hao mtihani, na kwa nini Zanzibar imechelewa kumpokea mtoto wake.

Bendi kwa ufupi

Queen iliundwa London mwaka 1970. Mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa kwenye bendi iliyoitwa Smile. Mwimbaji wao alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na rafiki yao aliyekuwa amesomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, lakini dunia ilimjua kwa jina alilojipa mwenyewe, Freddie Mercury. Mpiga besi John Deacon alijiunga mwaka 1971, na kuanzia hapo hao wanne hawakubadilika kwa miaka 20.

Shabiki wa siku nyingi atakueleza kwanza kwamba Queen haikuwa bendi ya mtu mmoja. Wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma. Freddie aliandika Bohemian Rhapsody na We Are the Champions. Brian aliandika We Will Rock You. John, mkimya kuliko wote, ndiye mtunzi wa Another One Bites the Dust na I Want to Break Free. Roger aliandika Radio Ga Ga. Ndiyo maana nyimbo zao hazifanani. Mtu anaweza kupenda tano kati yake bila kujua kwamba ni za bendi moja.

Jambo lingine wanalojivunia mashabiki ni gitaa la Brian. Alilitengeneza yeye na baba yake akiwa kijana, wakitumia mbao zilizotoka kwenye sehemu ya kuotea moto ya nyumba ya zamani. Gitaa hilo la mkono ndilo linalosikika katika karibu rekodi zote za Queen. Majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 yaliwataarifu wanunuzi kwamba hakuna vinanda vya kielektroniki vilivyotumika. Sauti zote za ajabu zilitoka kwenye gitaa, piano na koo za watu.

Redio ilivyofanya kazi yake

Kwa sisi wa redio, mwaka wa kukumbuka ni 1975. Queen walikuwa wamerekodi Bohemian Rhapsody, wimbo wa dakika 5 na sekunde 55. Hauna kiitikio cha kawaida, na katikati yake kuna kipande cha uimbaji wa opera. Ndani ya kipande hicho limo neno la Kiarabu ambalo kila Mwislamu hulitamka kabla ya kuanza kula, na wasikilizaji wetu wa Pwani hulidaka mara moja. Kampuni ya rekodi ilisita. Wakati ule ilionekana wazi kwamba kituo cha redio hakiwezi kupiga wimbo mrefu kiasi hicho.

Aliyebadilisha mambo ni mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London. Alipata nakala ya wimbo kabla haujatoka, akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki. Jumatatu watu walikwenda madukani kuutafuta, nao ulikuwa bado haujafika sokoni. Ulipotoka, ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa. Mwaka 1991, baada ya Freddie kufariki, ulitolewa tena na kurudi nambari moja.

Mashabiki wengi wa umri mkubwa wanaanzia hapo. Waliusikia wimbo ambao hakuna aliyewaandaa kuusikia, na mtangazaji hakuomba radhi kwa urefu wake. Kwa mtu wa miaka 14 mbele ya redio ya jikoni, hilo lilitosha.

Shabiki kama sehemu ya onyesho

Mwaka 1977 Queen walipiga katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford. Walipomaliza na kutoka jukwaani, watu hawakupiga makofi tu. Walianza kuimba wao wenyewe wimbo wa mashabiki wa mpira, ukumbi mzima, huku bendi ikiwasikiliza kutoka nyuma ya jukwaa. Brian May ameeleza mara nyingi kwamba usiku huo ulimfanya ajiulize: umati uliobanana namna hii unaweza kufanya nini? Unaweza kupiga miguu chini, kupiga makofi na kuimba.

Kutokana na swali hilo likazaliwa We Will Rock You, na kutoka kwa Freddie ukaja We Are the Champions. Nyimbo zote mbili zilitoka mwaka huohuo. Ule wa kwanza haukutumia ngoma. Mdundo wake ni miguu na viganja vya watu vilivyorekodiwa tena na tena mpaka vikasikika kama umati. Leo mdundo huo unapigwa kwenye viwanja vya mpira kila pembe ya dunia, na wengi wanaoupiga hawajui umetoka wapi.

Mtindo huo uliendelea. Amerika ya Kusini, hadhira ilikuwa ikiimba Love of My Life kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpaka Freddie akawa ananyamaza na kuwaachia. Video ya Radio Ga Ga ilipopigwa, umati unaoonekana ukipiga makofi juu ya vichwa ulikuwa na wanachama wa klabu ya mashabiki, walioalikwa studio kwa kazi hiyo. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, uwanja mzima wa Wembley ulipiga makofi yaleyale kwa pamoja. Queen walikaa jukwaani kwa takriban dakika 21. Watu wengi waliokuwapo hawakuja kwa ajili yao peke yao, lakini dakika hizo ndizo zinazotajwa zaidi kila tamasha hilo linapokumbukwa.

Kwa hiyo shabiki wa Queen anaposema "sisi", si majivuno matupu. Sehemu ya muziki wenyewe iliandikwa ili aijaze yeye.

Klabu iliyoanza mwaka 1974

Klabu rasmi ya kimataifa ya mashabiki wa Queen ilianzishwa mwaka 1974, bendi ikiwa bado changa. Imeingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa klabu ya mashabiki wa bendi ya roki iliyodumu kwa muda mrefu kuliko zote. Kabla ya intaneti, kazi yake ilifanyika kwa posta: mwanachama alilipa ada, akapokea jarida, picha na barua kutoka kwa wanabendi. Aliyekuwa mbali aliandikiana na mashabiki wa nchi nyingine, na wapo walioanza kwa kubadilishana kanda wakaishia kuwa marafiki wa maisha.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliokuwa wakisikiliza vipindi vya salamu wanajua maana ya kulifahamu jina la mtu wa mkoa mwingine kwa miaka 20 bila kuwahi kumwona uso.

Jeraha la Sun City

Kuipenda bendi kwa muda mrefu ni pamoja na kuyakumbuka makosa yake. Kwa msikilizaji wa Afrika, kosa kubwa la Queen lina jina na tarehe: Sun City, Oktoba 1984.

Sun City ilikuwa sehemu ya starehe ndani ya Bophuthatswana, moja ya maeneo ambayo serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliyaita nchi huru, ilhali dunia haikuyatambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende kupiga Afrika Kusini. Queen walikwenda. Sauti ya Freddie ilimsumbua na baadhi ya maonyesho yakafutwa, lakini walipiga. Walijitetea kwamba wao si bendi ya siasa na kwamba humpigia yeyote anayetaka kusikiliza. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo.

Utetezi huo haukuwa na nguvu wakati ule, na hata leo hauna. Nelson Mandela alikuwa gerezani. Tanzania ilikuwa imewahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini huko Mazimbu na Dakawa, mkoani Morogoro. Kwa mtu wa kizazi hicho, kusema anaipenda Queen kulihitaji maelezo. Wapo walioziweka pembeni santuri zao kwa hasira. Wapo walioendelea kusikiliza lakini hawakusahau.

Tarehe 29 Novemba 2003, Brian May na Roger Taylor walikuwa miongoni mwa wasanii waliopiga Cape Town katika tamasha la 46664, kampeni ya Mandela dhidi ya UKIMWI iliyobeba namba yake ya gerezani. Tamasha hilo halikuifuta Sun City. Lakini Mandela mwenyewe aliwapokea kwenye jukwaa la nchi iliyo huru, na kwa mashabiki wengi Waafrika hapo ndipo mazungumzo yalipoanza upya.

Novemba 1991

Queen walipiga onyesho lao la mwisho na Freddie huko Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Hakuna aliyetangaza kwamba ni la mwisho. Miaka iliyofuata, bendi iliendelea kurekodi lakini haikwenda ziara, na magazeti yalikuwa yakimwinda Freddie kwa picha zilizoonyesha amekonda.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tamko kwamba ana UKIMWI. Tarehe 24, jioni, alifariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Mashabiki walipata saa takriban 24 tu kati ya kuthibitishiwa ugonjwa na kupokea msiba. Aliyewahi kufiwa na mtu aliyefichwa ugonjwa wake anaelewa uzito wa saa hizo. Kwetu pia, miaka hiyo familia nyingi zilizika huku zikitaja malaria au kifua kikuu, kwa sababu jina halisi la ugonjwa lilikuwa aibu.

Tamasha la kumuenzi lilifanyika Wembley tarehe 20 Aprili 1992. Tiketi ziliisha ndani ya saa chache, kabla majina ya wasanii waalikwa hayajatangazwa. Fedha zilizopatikana zilianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi leo hufadhili miradi ya kupambana na VVU katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Mashabiki nao huendelea kuuchangia. Kwa wengi wao, ushabiki uligeuka kutoka kukusanya santuri na kuwa kazi ya hisani.

Alama ya kujumlisha

Baada ya msiba, swali likawa: je, Queen bila Freddie ni Queen? Mashabiki wamegawanyika, na hawajapatana mpaka sasa.

John Deacon alijibu kwa kuondoka. Alipiga na wenzake mara ya mwisho jukwaani Paris, Januari 1997, akashiriki kurekodi wimbo mmoja mwaka huohuo, kisha akastaafu kabisa. Hatoi mahojiano na hapandi jukwaani. Mashabiki wa kweli wana desturi ya kumwacha apumzike.

Brian na Roger walijibu kwa kuendelea, lakini kwa tahadhari. Walipofanya kazi na mwimbaji Paul Rodgers, kuanzia 2005 hadi 2009, mabango yaliandikwa "Queen + Paul Rodgers". Walipoanza ziara na Mmarekani Adam Lambert mwaka 2012, yakaandikwa "Queen + Adam Lambert". Alama hiyo ndogo ya kujumlisha ina maana kubwa kwao: mwimbaji mpya ameongezwa kama mgeni na hajapewa kiti cha marehemu. Wapo wanaosema hata hivyo haifai. Wengine husema ni afadhali nyimbo ziimbwe na watu hai kuliko kufungiwa kabatini. Ukikaa na mashabiki wawili wa zamani, subiri dakika kumi tu, mjadala huu utaanza.

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, iliongeza mjadala. Ilivuta mamilioni ya vijana, lakini ilipangua tarehe. Ndani yake Freddie anawaeleza wenzake kuhusu ugonjwa kabla ya Live Aid, jambo ambalo halilingani na historia. Mashabiki wakongwe walifurahi kupata wenzao wapya, kisha wakaanza kazi ya kuwasahihisha.

Msiba usio na kaburi

Freddie alizaliwa katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na mazishi yake yalifuata taratibu za dini hiyo. Mwili ulichomwa. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa karibu tangu ujana, na mahali yalipohifadhiwa hapajawahi kutangazwa.

Hivyo mashabiki hawana kaburi la kuzuru. Kwa miaka mingi waliandika ujumbe kwenye ukuta wa nyumba yake ya Garden Lodge, mpaka maandishi hayo yakaondolewa. Wengi huenda Montreux, Uswisi, mji ambao bendi ilirekodi muziki wake wa miaka ya mwisho. Sanamu yake imesimama hapo kando ya ziwa tangu 1996, mkono mmoja juu. Kila Septemba, mwezi wa kuzaliwa kwake, watu hukusanyika hapo na maua.

Mwaka 2023 mali zake ziliuzwa kwa mnada London. Piano yake pekee ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Kabla ya mnada, maelfu walipanga foleni kuviona vitu hivyo bila nia ya kununua hata kijiko. Walikwenda kuaga.

Na Zanzibar je?

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ilihamia Uingereza, mtaa wa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17, na katika miaka yake ya umaarufu alizungumzia Zanzibar kwa nadra sana.

Zanzibar nayo ilinyamaza. Sababu zinajulikana: familia iliondoka wakati wa Mapinduzi, haikuwa ya Kiislamu, na uhusiano wa Freddie na wanaume ni jambo ambalo dini na sheria za visiwani haziliruhusu. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi la Uamsho, nayo haikufanyika.

Hata hivyo, watalii waliendelea kufika Shangani na kuuliza nyumba iko wapi. Novemba 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa hapohapo Mji Mkongwe, yakiwa na picha za familia na kumbukumbu za utoto wake. Leo mgeni kutoka Brazili au Japani anaweza kusimama kwenye kibaraza ambacho kijana wa jirani hupita kila siku bila kujali.

Hapa ndipo swali la wasikilizaji wetu linapopata uzito. Tunapouliza kama ni Mzanzibari, tunataka kujivuna naye. Lakini mashabiki wa zamani wanatukumbusha kwamba kumpenda msanii ni kumbeba mzima: sauti yake, asili yake, kosa la Sun City na ugonjwa uliomuua. Sifa peke yake haidumu miaka 50.

Kwa anayeanza kusikiliza leo

Njia rahisi ni albamu ya Greatest Hits ya mwaka 1981, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kufikisha mauzo ya nakala milioni 7 Uingereza. Baada ya hapo sikiliza A Night at the Opera ya 1975 yote, bila kuruka wimbo. Kisha tafuta Innuendo ya 1991, iliyorekodiwa Freddie akiwa mgonjwa. Linganisha sauti ya kijana na sauti ya mtu anayejua muda wake umebaki mdogo.

Brian na Roger wote wamevuka miaka 75, na mwaka 2024 Brian alieleza kwamba alipata kiharusi kidogo. Mashabiki waliozeeka pamoja nao wanajua siku haziko mbali ambapo hakutakuwa na jukwaa tena. Zitabaki rekodi, na redio ya kuzipiga. Ujumbe ukifika tena studio kuuliza kama huyu ndiye yule Mzanzibari, tutajibu ndiyo, kisha tutauacha wimbo uishe wote, dakika 5 na sekunde 55.